Jedwali la Migomba

Neno jedwali liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka lina maana mbili zinazokaa pamoja bila kugombana. Maana ya kwanza ni kijito, maji membamba yanayopita shambani. Maana ya pili ni safu ya maandishi iliyopigiwa mistari. Yamkini aliyeziunganisha maana hizo alikuwa amesimama mahali pa juu, akatazama shamba linalonyweshwa kwa mifereji, akaona jinsi ardhi inavyogawika vipande vipande na kila kipande kikapata haki yake ya maji. Wataalamu wa lugha walipotafuta neno la kuuita ule ukurasa wa kompyuta wenye safu na visanduku, walilichukua neno hilo wakaliunga na laha, yaani karatasi, wakapata lahajedwali. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi ya kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili. Hata hivyo wengi husema Excel tu wakapita, kana kwamba kazi yenyewe ni ya wageni.

Mpenzi wa mashairi hana sababu ya kuiona kazi hiyo kuwa ya wageni. Mshairi wa Mwambao ameandika katika safu tangu enzi. Mshororo wake umekatwa vipande viwili, ukwapi na utao. Ukiongezwa kipande cha tatu huitwa mwandamo, na cha nne huitwa ukingo. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti mzima hukaa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama, hata jicho likishuka kutoka juu ya ukurasa hadi chini hukiona kina cha mwisho kikijirudia mahali pale pale. Anayeshuka hivyo anasoma kina peke yake na kuyaacha mengine kando kwa muda. Anachuja. Kompyuta ilipokuja na kitufe cha kuchuja, ilimkuta msomaji wa tenzi anaijua kazi hiyo, ila hakuwahi kuipa jina hilo.

Mbali na bahari, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ziko wilaya mbili za Mkoa wa Kagera ambazo zamani zilikuwa moja: Karagwe na Kyerwa. Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012. Mto Kagera unazizunguka, ng'ambo yake zikiwa nchi za Rwanda na Uganda. Mtu wa visiwani akisikia jina la Karagwe asidhani kwamba ni nchi asiyohusiana nayo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Mwambao kupitia Tabora ilifika hadi kwa Mfalme Rumanyika huko Bweranyange, na wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao karibu na hapo, mahali palipoitwa Kafuro. Kiswahili kilisikika katika vilima hivyo kabla ya reli na kabla ya shule.

Mali ya kwanza ya mtu wa huko ni kibanja. Kibanja ni nyumba pamoja na migomba inayoizunguka, na ndani ya migomba hiyo kuna mibuni, kuna maharage, na kuna makaburi. Wazee huzikwa humo humo. Majani ya kutandaza chini ya migomba hukatwa katika rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio nje ya makazi, na samadi ya ng'ombe huletwa karibu na mashina. Kwa njia hiyo ardhi ya kibanja hutengenezwa kwa mikono kizazi baada ya kizazi, hata mtu anaporithi kibanja anarithi udongo ambao babu yake aliufanya. Anarithi pia majina: Enyoya, Enshakala, Enchoncho, Entobe, Embire. Hayo si majina ya mapambo. Moja ni la toke la kupika, jingine ni la ndizi ya kukamuliwa pombe ya rubisi, na asiyeyajua atapika kisichopikika akamwabisha mgeni wake.

Katika upande wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliishi mwalimu mstaafu na mkewe. Mwalimu alikuwa hodari wa hesabu na mkewe alikuwa hodari wa kibanja. Katika miaka 40 ya ndoa yao, mume hakuona haja ya kujua jina la kila mgomba, kwa kuwa aliyejua alikuwa jikoni. Mke alipofariki, mwalimu alikuta kwamba anaweza kuhesabu mashina yake yote bila kukosea hata moja, na kwamba hawezi kuyataja. Alisimama mbele ya migomba yake kama mtu aliyeachiwa maktaba ya vitabu visivyo na majalada.

Huzuni hiyo ingebaki kuwa yake peke yake kama si ugonjwa. Mnyauko wa migomba ulithibitishwa Tanzania mwaka 2006, katika mkoa huo huo wa Kagera, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Husababishwa na bakteria. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake tena bila mpango, na ukizipasua ndani zimeoza kwa rangi ya kahawia. Ukikata shina hutoka usaha. Wadudu huusambaza kwa kutembelea maua, na wakulima huusambaza kwa visu vyao na kwa machipukizi wanayopeana. Katika nchi ambayo kupeana chipukizi la mgomba ni ujamaa, ugonjwa uliufanya ujamaa huo kuwa njia ya kuambukizana. Kila kibanja kilichoingiliwa kiling'olewa migomba, na pamoja na migomba yakaondoka majina ambayo hakuna aliyeyaandika.

Mwalimu aliamua kuandika. Binti wa kaka yake, aliyesomea kilimo na kufanya kazi Kayanga, alikuja siku za mapumziko na kompyuta yake ya mapajani. Wakaketi barazani. Jedwali la kwanza alilitengeneza mwalimu mwenyewe, lenye safu nne: jina, idadi, matumizi, maelezo. Baada ya siku mbili lilikuwa limejaa, na halikuwa na faida. Katika kisanduku kimoja alikuwa ameandika kwamba hii ni Enyoya au labda Enshakala, ziko 14, mbili ziko karibu na kaburi la mama, moja imeanguka.

"Baba mdogo," binti alimwambia, "hapa umemwandikia mtu barua. Kompyuta haisomi barua."

"Basi inasoma nini?"

"Inasoma jambo moja katika kisanduku kimoja."

Kanuni hiyo ndiyo mlango wa kazi yote, na anayeijua kanuni ya mizani hataona ugumu wake. Mizani ni nane au si nane; kipande hakibebi silabi za jirani yake. Vivyo hivyo kisanduku cha idadi hubeba namba tu, na kisanduku cha tarehe hubeba tarehe tu, iliyoandikwa kwa namna moja kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Neno 'toke' likiandikwa hapa kwa herufi ndogo, pale 'matoke', na kwingine 'ya kupika', kompyuta itayahesabu kuwa mambo matatu, maana yenyewe haina jikoni. Dawa yake ni kuweka orodha fupi ya maneno yanayoruhusiwa katika safu hiyo, ili anayejaza achague badala ya kutunga. Jambo hilo lilimuudhi mwalimu siku ya kwanza na kumpumzisha siku ya pili.

Hata hivyo ugumu mkubwa ulikuwa katika safu ya jina. Mgomba mmoja una majina tofauti katika vijiji tofauti, na jina moja huitwa migomba miwili isiyofanana. Jina haliwezi kuwa utambulisho wa shina. Wakaamua kwamba kila shina lipewe namba, iandikwe kwenye kibati na kuchomekwa kijiti chini yake, na namba hiyo isibadilike hata shina likifa. Majina wakayahamishia katika laha ya pili, na huko mwalimu akaongeza safu ambayo binti hakuitazamia: nani alilitaja. Hivyo mstari mmoja ulisema kwamba shina namba 12, tarehe fulani, liliitwa Enshakala na mama fulani wa jirani. Mstari wa chini yake ulisema kwamba shina hilo hilo liliitwa jina jingine na mtu mwingine.

Msomaji wa visiwani ataitambua safu hiyo mara moja. Ni isnadi. Elimu ya mapokezi ilijengwa juu ya swali hilo hilo: neno hili umelipokea kwa nani, na yeye alilipokea kwa nani? Neno lisilo na msimulizi halitupwi, lakini uzito wake hupungua. Ikiwa mapokezi mawili yanapingana, yote mawili huandikwa na kila moja hubaki na mwenyewe. Mwalimu huyo hakusoma chuo cha dini, lakini kwa kulazimishwa na migomba alifika katika adabu ile ile. Hakumfanya mama huyu kuwa mkweli na yule kuwa mwongo. Aliwapa kila mmoja mstari wake.

Tabia hiyo haikuwa ya wote waliowahi kukusanya mimea ya nchi hiyo. Kapteni James Augustus Grant, aliyesafiri na John Hanning Speke wakianzia Unguja mwaka 1860, alifika kwa Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861 akashikwa na ugonjwa mbaya wa mguu. Speke aliendelea na safari kuelekea Buganda mwezi Januari 1862. Grant alibaki Karagwe hadi Aprili. Mimea aliyoikusanya katika safari nzima ilipelekwa Uingereza, na kitabu cha Speke cha mwaka 1863 kilichapishwa pamoja na orodha ya mimea iliyokusanywa kati ya Unguja na Cairo. Baadaye ikashughulikiwa kwa urefu na wataalamu wa Kew, na matokeo yakatolewa na Jumuiya ya Linnaeus ya London kati ya mwaka 1872 na 1875. Kazi hiyo ni ya heshima. Lakini jedwali la namna hiyo linampa mkusanyaji jina lake na kuupa mmea jina la Kilatini. Mtu wa Karagwe aliyeinua mkono akaonyesha kichaka na kusema hiki ni dawa ya tumbo, safu yake haipo.

Visiwani ulikuwepo utaratibu wa karibu zaidi na wenyeji. Padri Charles Sacleux, aliyekaa Unguja na Bagamoyo, alikuwa mkusanyaji wa mimea na mtunzi wa kamusi kwa wakati mmoja, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutoka mwaka 1939, imejaa majina ya miti. Mwaka 1949 R. O. Williams alichapisha kitabu chake juu ya mimea yenye manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, na humo majina ya Kiswahili yanakaa kando ya Kilatini. Kazi kubwa kuliko zote, ile ya kueleza mimea yote ya Afrika Mashariki, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikiwa na zaidi ya aina 12,000. Ilichukua miaka 60. Wengi walioianza hawakuiona mwisho wake.

Mgomba hauna mahali pazuri katika kazi za namna hiyo. Jani lake ni kubwa kuliko karatasi yoyote ya kukaushia, na shina lake ni maji matupu. Tena mgomba wa kuliwa hauna mbegu. Hauwezi kutiwa katika bahasha ukasubiri. Wataalamu wameweza kuuhifadhi kwa njia ya vipande vidogo vinavyokuzwa katika chupa za maabara, na kituo cha kimataifa kilichoanzishwa mwaka 1985 huko Leuven, Ubelgiji, kina zaidi ya aina 1,500 zilizotunzwa hivyo. Karibu na Bukoba kuna kituo cha utafiti cha Maruku, ambacho migomba ni kazi yake ya miaka mingi. Lakini kwa mwenye kibanja njia ya kuhifadhi ni moja: mgomba uwe hai, uwe na chipukizi, na awepo mtu anayejua ni upi. Jedwali halihifadhi mgomba. Linahifadhi habari ya mahali ulipo, ili siku ya hatari mtu ajue akimbilie wapi.

Siku waliyojaribu kupanga majina kwa alfabeti, binti na baba yake mdogo walicheka hadi jirani akauliza kulikoni. Majina karibu yote yalikusanyika chini ya herufi E, kwa sababu katika Kinyambo, kama katika Kihaya, jina huvaa irabu yake mbele: Enyoya, Enshakala, Enchoncho, Entobe. Mtu wa Mwambao asicheke sana. Aandike mnazi, mkarafuu, mwembe, mfenesi, mchungwa na mgomba, kisha aiamuru kompyuta ipange. Miti yake yote itasimama chini ya M kama askari wa kikosi kimoja. Mashine inaanza na herufi ya kwanza, nayo katika lugha zetu za Kibantu ni kofia tu. Kichwa kiko chini yake. Wakaongeza safu nyingine ya jina lisilo na kofia, wakapanga kwa hiyo.

Kisha kikaja kichujio. Uzuri wa kuchuja ni kwamba hakufuti kitu. Ukichagua 'toke' katika safu ya matumizi, mistari mingine yote hujificha, na ukiondoa kichujio hurudi ilipokuwa. Hatari yake inatoka hapo hapo, maana anayesahau kwamba amechuja atadhani kile anachokiona ndicho chote kilichopo. Watu wengi wanaishi hivyo bila kompyuta. Mwalimu alichuja kwa matumizi, akachuja kwa upande wa kibanja, kisha binti akamwonyesha kichujio kilichokuwa na uhai na kifo ndani yake.

Mgomba unapotoa mkungu, mwisho wake huning'inia ua dume, lile lenye umbo la moyo lililofunikwa magamba mekundu. Magamba hayo yanapopukutika pamoja na maua yake, huacha majeraha mabichi yanayotoa utomvu, na mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa hutua hapo. Ndiyo sababu maafisa ugani hufundisha kwamba ua dume liondolewe mapema kwa kijiti chenye panda, bila kisu, kwa kuwa kisu nacho hubeba ugonjwa kisipochomwa moto au kuoshwa kwa dawa. Lakini imo migomba ya nyanda za juu ambayo magamba yake hayapukutiki. Hukauka yakiwa yameshika pale pale, na mdudu hakuti jeraha. Migomba hiyo si kwamba haiugui, ila mlango mmoja wa ugonjwa umefungwa. Mwalimu alitembea kibanja kizima na daftari, akajaza safu ya ua dume shina kwa shina. Alipochuja, mistari iliyobaki ilikuwa michache, na mingi katika hiyo ilikuwa ile ambayo mkewe aliipanda karibu na nyumba. Kama marehemu alijua sababu au alifuata jicho lake tu, hakuna wa kuulizwa.

Chati nazo zilikuwa na mambo yake. Binti alitengeneza kwanza chati ya duara, iliyokatwa kama chapati. Enshakala ilichukua sehemu kubwa, Enyoya ikafuata, na pembeni kulikuwa na vipande vyembamba kiasi kwamba rangi zake hazikuonekana. Mtu anayetazama chati hiyo angesema kibanja hiki kina migomba ya aina mbili na takataka kidogo. Mwalimu aliikataa. Kwa mtu wa soko kipande kikubwa ndicho habari. Kwa mwenye kutunza, habari iko katika vile vipande vyembamba, kwa kuwa shina moja likifa, rangi nzima inafutika. Wakaiacha chapati wakatumia chati ya nguzo, iliyoanza na aina zenye shina moja tu. Ilikuwa mbaya kuitazama na ilisema kweli.

Elimu ya leo imeongeza jambo linaloweza kumkatisha mtu tamaa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, pamoja na wingi wa majina yake, inakaribia kuwa kitu kimoja. Yamkini yote imetokana na mama mmoja, na tofauti zake ni mabadiliko madogo yaliyotokea na kuchaguliwa na wakulima kwa karne nyingi. Mwanasayansi akiongeza safu ya nasaba katika jedwali la kibanja cha Nkwenda, atajaza neno lile lile kutoka juu hadi chini. Lakini sufuria haidanganyiki. Hii inaiva laini na ile inabaki ngumu. Hii inatoa maji matamu na ile ni chungu. Wakulima, na zaidi wanawake wenye kupika, waliziona tofauti zisizozidi unywele, wakazipa majina, na kwa kuzipa majina wakazitenga na kuzitunza. Mama mmoja, watoto wengi, na aliyewatofautisha ni yule aliyewaita. Jina likipotea, mgomba hautakufa siku hiyo. Utachanganywa na wenzake, na baada ya miaka michache hakutakuwa na mtu wa kuuchagua.

Shina namba 47 lilikuwa mojawapo ya nguzo fupi. Katika safu ya jina liliandikwa 'haijulikani'. Binti alipiga picha, mwalimu akaenda nayo upande wa Kaisho kwa dada wa marehemu mkewe, mama aliyekwisha kuona mengi na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Alimwamkia, wakaulizana habari za watoto, kisha akampa picha. Mama aliishika kidogo akamrudishia.

"Shemeji, mgomba hautazamwi kwenye karatasi. Uko upande gani wa nyumba?"

"Nyuma ya jiko, karibu na njia ya maji."

"Mkungu wake unainama au unatazama pembeni?"

"Unainama sana."

Mama akanyamaza, kisha akasema kwamba huo ni Entaragaza, na kwamba chipukizi lake lilitoka kwa mama yao. Marehemu alikwenda nalo mwaka alioolewa, akalibeba mwenyewe njia nzima kwa sababu hakumwamini mtu mwingine. Mwalimu alikuwa amekula toke la shina hilo kwa miaka 40. Alirudi nyumbani akaandika jina, tarehe, na mtaja.

Msimu uliofuata, jani la shina namba 47 liligeuka manjano. Mwalimu alitaka kung'oa chipukizi moja usiku ule na kulipeleka Kaisho, lirudi lilikotoka. Binti alimkatalia kwa simu, akiwa na heshima zote. Chipukizi kutoka kibanja kilichoguswa na mnyauko halihamishwi, hata kama linaonekana zima, maana huenda likaingia kwa mama yule na ugonjwa, na kibanja chake chote kikaisha. Alichoshauri ni kile ambacho utafiti umekiunga mkono: likatwe lile shina lililougua peke yake, usawa wa ardhi, kwa panga lililochomwa moto kabla na baada, na watoto wake waachwe na kutazamwa, kwa kuwa bakteria hao mara nyingi hawafiki katika machipukizi yote. Mwalimu alikata. Katika safu ya hali aliandika tarehe, na kila wiki aliandika tena. Hadi mwaka ulipokwisha, machipukizi mawili yalikuwa yamebaki na majani ya kijani. Ruhusa ya kuyahamisha ilikuwa bado.

Kichujio cha mwisho walichokitengeneza ndicho ambacho mwalimu hukifungua mara nyingi. Kinaonyesha majina yenye mtaja mmoja tu, yaani majina ambayo katika watu wote waliohojiwa, mmoja peke yake aliyajua. Mara ya kwanza yalikuwa tisa. Mwalimu akaanza kutembea na wajukuu na vijana wa jirani, akiwapeleka kwa wenye majina, wakaonyeshwa shina lenyewe, wakaulizwa tena baada ya mwezi. Na aliyeweza kulitambua na kulitaja aliandikwa kuwa mtaja wa pili. Majina matatu yakatoka katika orodha kwa njia hiyo. Yakabaki sita, na la Entaragaza likiwamo.

Kisha dada wa marehemu akafariki. Mwalimu alipofungua jedwali baada ya matanga, shina namba 47 lilikuwa bado na mtaja mmoja, kwa sababu kompyuta huhesabu waliosema, na haijui nani bado anaweza kuulizwa. Aliongeza safu ya kuonyesha kama mtaja yu hai, akaijaza mstari kwa mstari, na kazi hiyo ilimchukua mchana mzima. Jioni alimwita mjukuu wake wa darasa la nne, wakaenda nyuma ya jiko, akamuuliza mkungu wa mgomba huu ulikuwa ukiinama au ukitazama pembeni.